Tofali bila kuni

*Kikundi chetu cha vijana huchoma matofali kwa kuni za mikaratusi, na miti inakwisha. Kampuni ya saruji inaweza kutusaidiaje bila kutugeuza wateja tu? – Msomaji, Nyamira*

Mna haki ya kuhofu: tanuri ndilo linalokula miti. Tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, halichomwi. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji angalau siku 7. Iombeni kampuni iwakopeshe mashine, mlipe kidogo kidogo kutokana na mauzo, nayo igharimie mafunzo. Yote yaandikwe kwenye mkataba.

Kwanza pimeni udongo. Udongo mwekundu wa Gusii ni wa mfinyanzi kwa kiasi kikubwa, hivyo tofali hupasuka likikosa mchanga. Ulizeni Kisii National Polytechnic kuhusu vipimo. Tofali likimeguka kingo hata baada ya kukauka, msijengee, mwoneni mhandisi.