Waridi jeupe la kupanda ukutani

Swali: Niko Lushoto, nina ukuta unaopata jua la asubuhi. Nataka waridi jeupe litambae hapo. Nichukue aina gani? Na mbona la jirani limefika paani lakini linachanua kileleni tu?

Jibu: Chukua Iceberg, lakini muulize muuza miche kama ni ile inayotambaa. Iceberg ya kwanza, iliyotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, ni kichaka; inayotambaa ilichipuka kutokana nayo baadaye. Miiba yake ni michache na maua huja kwa vishada, tena na tena. Chimba shimo la sentimita 50, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na upande sentimita 40 hivi kutoka ukutani, maana udongo wa chini ya ukuta hukauka upesi.

La jirani limeachwa lisimame wima, na tawi likisimama hivyo, nguvu zote hukimbilia nchani. Liinamishe lingali laini, taratibu lisivunjike, ulilaze kwenye waya na kulifunga kwa kamba ya katani isiyobana. Utaona kila jicho linatoa chipukizi, na chipukizi hizo ndizo zenye maua.

Miaka miwili ya mwanzo ondoa matawi makavu tu. Iceberg hii ikikatwa sana ingali changa yaweza kurudia ukichaka. Lushoto kuna ukungu, kwa hiyo madoa meusi ya majani hayakosi: mwagilia shinani, si kwenye majani, na uokote yaliyoanguka.