Shemasi Alcuin na Fasihi ya Kale: Msomaji, Mhubiri na Msikilizaji

1. Utangulizi

Katika Kanisa Katoliki, shemasi ni mhudumu aliyepewa daraja takatifu lakini asiye kasisi. Haadhimishi Misa wala hasikilizi maungamo. Hata hivyo hubatiza, hufungisha ndoa, husoma Injili na huweza kutoa homilia. Jina lake katika Kiswahili limepitia Kiarabu kutoka Kisiria, na maana yake ya asili ni mtumishi. Maana hiyo ndiyo msingi wa hoja ya makala haya.

Swali linalochunguzwa ni hili: mtu aliyekabidhiwa mimbari ana haja gani na fasihi ya kale, hususan ile iliyotungwa na watu wasio wa imani yake? Wapo waumini wanaoiona fasihi hiyo kuwa kishawishi. Wapo pia wasomi wanaoyaona mahubiri kuwa uwanja usiostahili kuchunguzwa na mwanafasihi. Tutayapima maoni hayo kwa kumrejelea shemasi mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, kisha tutaangalia funzo lake kwa Kiswahili.

2. Shemasi wa York

Alcuin alizaliwa yapata mwaka 735 kaskazini mwa Uingereza. Alisomea katika shule ya kanisa kuu la York na baadaye akawa mwalimu wake mkuu. Mwaka 781 alikutana na Mfalme Charlemagne mjini Parma, Italia, naye mfalme akamwalika afundishe katika makao yake. Mwaka 796 alikabidhiwa abasia ya Mtakatifu Martin mjini Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, na huko ndiko alikofia mwaka 804. Pamoja na hadhi hiyo yote, alibaki shemasi, na katika barua zake alizoea kujitambulisha kwa jina la Mlawi, yaani mhudumu wa hekalu.

Alcuin alikuwa msomaji wa dhati. Katika shairi refu alilotunga kuhusu York, anawaorodhesha waandishi waliopatikana katika maktaba ya mwalimu wake. Mababa wa Kanisa kama Augustino na Yeronimo wamo. Lakini wamo pia Virgil, Cicero na Lucan, Warumi ambao hawakuwa Wakristo. Isitoshe, Alcuin alitunga mazungumzo kuhusu sanaa ya ufasaha baina yake na Charlemagne, na sehemu kubwa ya mafunzo yaliyomo aliyachota kwa Cicero.

3. Barua ya mwaka 797

Ajabu ni kwamba shemasi huyuhuyu ndiye aliyeandika mojawapo ya kauli kali zaidi dhidi ya fasihi isiyo ya Kikristo. Mwaka 797 alimwandikia askofu mmoja wa Uingereza akimkanya kuhusu yaliyokuwa yakisikika wakati wa chakula cha makasisi. Alitaka asikike msomaji wa Maandiko badala ya mpiga kinubi, na mahubiri ya Mababa badala ya nyimbo za wapagani. Alimtaja Ingeld, shujaa wa masimulizi ya kale ya Kijerumani, akahoji shujaa huyo ana shirika gani na Kristo. Kwa maoni yake, nyumba ni finyu. Haiwezi kuwatosha wote wawili.

Wasifu wake, ulioandikwa katika miaka ya 820, unaendeleza picha hiyo. Unasimulia kuwa utotoni alimpenda Virgil kuliko Zaburi, na kwamba uzeeni aliwakataza wanafunzi wake wa Tours kumsoma mshairi huyo. Mmoja wao, Sigulf, alijaribu kumsoma kwa siri akagunduliwa, akakaripiwa.

Je, Alcuin alijipinga? Msomaji wa juujuu atasema ndiyo. Lakini barua ile ikisomwa kwa makini, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, lalamiko linahusu mahali na wakati maalumu: meza ya makasisi. Pili, na hili ndilo zito, katika barua hiyohiyo Alcuin anamwambia askofu kuwa ni heri maskini wale mezani pake kuliko waigizaji na watu wa anasa. Kumbe kinachomuudhi ni zaidi ya wimbo. Kinachomuudhi ni burudani ya wakubwa iliyochukua nafasi ya Neno na nafasi ya mwenye njaa. Fasihi iliyomnoa mhubiri York ilikuwa ya huduma. Fasihi iliyomstarehesha askofu mezani ilikuwa ya kujipendeza. Hoja, basi, ni nani anayefaidika na usomaji huo.

4. Lugha ya msikilizaji

Kigezo hicho cha msikilizaji kilijitokeza mjini Tours kwenyewe miaka tisa baada ya kifo cha Alcuin. Mtaguso wa maaskofu uliokutana huko mwaka 813 uliagiza kila askofu ahakikishe mahubiri yanafasiriwa kwa lugha za watu wa kawaida, yaani Kirumi cha mashambani au Kijerumani, ili wote waelewe. Ibada ilibaki katika Kilatini. Mahubiri yakaelekezwa kwenye masikio ya watu. Mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za watu zitumike kwa upana zaidi katika liturujia yenyewe, na ukasisitiza kuwa homilia ni sehemu ya liturujia.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mhubiri anayetumia Kiswahili ana wajibu wa kukijua kuliko kukikariri. Na kama Alcuin alivyojifunza ufasaha wa Kilatini kwa washairi wa Roma, mhubiri wa Kiswahili hana budi kwenda kwa washairi wa Pate, Lamu na Mombasa, ambao wengi wao walikuwa Waislamu.

5. Tenzi za kale na mimbari

Tuchukue mfano wa Al-Inkishafi, utenzi unaohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mtunzi anauasa moyo wake usighurike na dunia, kisha anauonyesha magofu ya majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, sherehe na watumishi. Shemasi anayejiandaa kufafanua Kitabu cha Mhubiri, kinachozungumzia ubatili wa mali na fahari, atapata katika utenzi huo msamiati wa toba uliokwisha kukomaa katika Kiswahili. Ataona pia mbinu muhimu: mtunzi hawahukumu wasikilizaji, bali anaanza kwa kuukemea moyo wake mwenyewe. Wahubiri wangapi huanzia hapo?

Hata hivyo, kuna hatari. Al-Inkishafi ni zao la imani ya Kiislamu. Kuunyofoa ubeti na kuugeuza wa Kikristo bila kumtaja mwenyewe ni dhuluma kwa mtunzi na ni udanganyifu kwa msikilizaji. Njia ya uadilifu ilionyeshwa na Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi Mkatoliki kutoka Ugogo, Tanzania. Alikopa umbo la utenzi, lililolelewa katika mazingira ya Kiislamu, akatunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Alichojifunza ni mizani, vina na ustahimilivu wa masimulizi marefu; ujumbe ukawa wa imani yake mwenyewe.

6. Hitimisho

Mwezi Julai 2024, Papa Fransisko, aliyewahi kufundisha fasihi nchini Ajentina mwaka 1964 na 1965, aliandika barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alisisitiza kuwa kusoma humzoeza mtu kusikiliza sauti ya mwingine. Kauli hiyo inaafiki tulichokiona kwa Alcuin. Nyumba huwa finyu pale msomaji anapotaka kukaa peke yake na starehe yake; hupanuka anapowakumbuka watakaomsikiliza.

Ni maoni ya makala haya kuwa idara za Kiswahili na seminari zina kazi ya kufanya pamoja. Mwanafunzi wa fasihi achunguze homilia kama utanzu unaotungwa kila wiki na kusikilizwa na halaiki. Shemasi naye asome tenzi kwa heshima, amtaje mtunzi, kisha apande mimbarini akiwa mtumishi, kama jina lake linavyodai.