SOMO: UVIMBE NA DAMU KWENYE NJIA YA NYUMA. MAMA, USIFICHE



Paka ya nyumbani ikiota uvimbe chini ya mukia, watu wote wa nyumba wanaujua siku ileile. Paka haivai nguo. Inajilamba mbele ya wageni, na watoto wanaita: «Mama, ona, paka iko na kidonda!» Lakini mama wa nyumba anaweza kuwa na uvimbe pale pale kwa miaka miwili, na hata bwana yake hajui. Somo letu la leo ni juu ya uvimbe ule unaofichwa, pale choo kikubwa kinapotokea.

WAMAMA WAWILI

Wamama wawili walikuja siku moja kupima watoto. Wa kwanza alikuwa anatoka damu kila akienda choo. Tangu kuzaa mutoto wa ine alikuwa analia usiku, akisema ndani ya roho: «Hii ni kansere, nitaacha watoto.» Wa pili hakukaa kwenye banki, alisimama tu karibu na mulango. Tulipomuuliza, akajibu: «Ni bawasiri tu, wamama wote wanaipata.»

Wote wawili walikubali kupimwa. Wa kwanza alikuwa na bawasiri. Wa pili alikuwa na uvimbe mugumu, na kipande kilipopimwa kilionyesha kansere. Kila mumoja alijipa jina la ugonjwa, na kila mumoja alikosea. Mama, macho yako hayafiki pale. Bila kupimwa, haijulikani.

UVIMBE HAUKO WA AINA MOJA

1. Bawasiri. Ni mishipa ya damu iliyovimba. Inakuja sana wakati wa mimba, kisha kuzaa, na kwa mutu mwenye choo kigumu. Damu ni nyekundu, inatoka wakati wa choo, na mara nyingi hakuna maumivu makali. Lakini damu ikigandamana ndani ya uvimbe, inauma sana.

2. Mupasuko wa ngozi. Wakati wa choo unasikia sawa kisu kinakata, na damu ni kidogo.

3. Jipu. Linauma muchana na usiku, ni moto, na homa inaweza kuja. Vidonge peke yake havitoshi. Linapasuliwa hospitalini ili usaha utoke. Usingoje kesho.

4. Utumbo wa mutoto kutoka inje. Unatokea kisha kuhara siku nyingi, ao kwa mutoto mwenye minyoo ao mwenye kukosa chakula chenye kujenga mwili. Usiogope, usiukate. Lowanisha kitambaa safi na mayi safi, sukuma polepole urudi ndani, kisha leta mutoto kliniki siku ileile, juu tutafute sababu.

5. Kansere. Inaanza polepole, na mara nyingi mwanzoni haiumi. Ndiyo maana inadanganya watu.

ALAMA ZA KUKULETA KWETU

- Uvimbe mugumu unaoendelea kukua.
- Kidonda ao muwasho usiopona.
- Damu inayorudi-rudi, hata kama ni kidogo.
- Choo kinakuwa chembamba, ao unasikia sawa choo kinabakia ndani kisha kumaliza.
- Tezi zimevimba kwenye kinena.
- Unakonda bila sababu, ao unachoka na kusikia kizunguzungu.

Choo cheusi sawa lami kinaweza kuwa damu ya tumbo la juu. Lakini vidonge vya damu tunavyokupa wakati wa mimba, vyenye chuma, vinafanya choo kuwa cheusi vilevile. Tuambie dawa unazomeza.

Kansere ya njia ya nyuma, mara nyingi, inatokana na virusi ya papiloma, ile ile inayoleta kansere ya mulango wa kizazi. Mutu mwenye virusi ya SIDA, mutu anayevuta tumbako, na mama aliyeugua kansere ya mulango wa kizazi wako na hatari zaidi. Virusi ya papiloma inapata watu wengi sana, na wengi hawajui kama wako nayo. Basi tusitafute wa kuhukumu.

TUNAPIMA NAMNA GANI?

Wengi wanaogopa sehemu hii, kwa hiyo tunaieleza wazi. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, na kikwembe chako kinakufunika. Mulango unafungwa. Unaweza kuomba infirmiye mwanamuke, na unaweza kuja na dada ao mama mukwe. Anayekupima anavaa gani, anaipakaa mafuta, anaangalia inje, kisha anaingiza kidole kimoja polepole. Ni kazi ya dakika moja tu. Kama kuna uvimbe wa mashaka, munganga anatoa kipande kidogo, nacho kinapimwa kwa mikroskopi. Hiyo ndiyo njia ya kujua kansere kwa hakika.

KUTUNZA

Kwa bawasiri na mupasuko: kunywa mayi mingi, kula lengalenga, sombe, maharagi na paipai. Usikae choo muda murefu, usijikaze kwa nguvu. Kaa ndani ya beseni ya mayi ya vuguvugu dakika 10 mpaka 15, mara mbili ao tatu kwa siku.

Kansere inatunzwa hospitali kubwa. Ikiwa ndogo kwenye ngozi, inaweza kukatwa. Nyingine inatunzwa kwa dawa na mashine ya miali pamoja. Mashine ile haiko kila pahali, na safari inaomba feza na ndugu wa kusindikiza. Ndiyo sababu tunasema kuja mapema: uvimbe mudogo unaomba matunzo madogo.

USIFANYE HIVI

Usipige lavema ya pilipili ao tangawizi, wala usimpige mutoto. Inachoma utumbo na kuongeza kidonda. Usikubali mutu akukate na wembe nyumbani.

NENO LA MWISHO

Munakumbuka mwanamuke wa Injili aliyetoka damu miaka 12. Alimaliza feza yake yote kwa waganga, kisha akaja kwa kujificha katikati ya watu wengi. Yesu hakumupatisha haya. Alimwita binti.

Hapa kwetu pia hautachekwa. Ukija kupima mutoto, sema tu: «Niko na shida ya nyuma.» Maneno hayo yanatosha, sisi tutafunga mulango.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA
1. Kwa nini kansere inadanganya watu mwanzoni?
2. Alama gani zinatuma mama kliniki bila kungoja?
3. Nani katika nyumba yako anaweza kukusindikiza?