Stima Ikipotea, Michango Imeandikwa?

Siku hizi vikundi vingine vya mwethya huweka hesabu kwenye kompyuta ya ofisi, na faili zenyewe hukaa kwenye mashine nyingine, yaani seva. Tuone seva inavyopokea maandishi.

Mwaka 1984 kampuni ya Sun ya Marekani ilileta utaratibu uitwao NFS. Katika toleo la 2, seva haikujibu "tayari" mpaka iandike kwenye diski. Salama, lakini polepole mno! Toleo la 3, la mwaka 1995, likairuhusu kujibu mapema, maandishi yakiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda. Stima ikipotea, hiyo hufutika yote. Kwa hiyo kompyuta ya karani hubaki na nakala mpaka seva ithibitishe kwamba diski imeandikwa. Tena, seva hujibu ikitaja namba yake. Ikizimika na kuwaka, namba hubadilika. Hapo kompyuta ya karani hujua, hutuma upya.

Lakini je, zote mbili zikizimika pamoja? Nakala nayo imekwenda. Basi karani aandike michango kwanza kwenye kitabu, pale pale mkutanoni, ndipo aguse kompyuta.