PIKIPIKI YA ZAMANI: TUPIME GAZI MBELE YA KUFUNGUA KARBIRATERE

Katika Katanga pikipiki za zamani kama Yamaha AG100 zingali zinafanya kazi. Zinabeba wapasta, wagonjwa na magunia ya mahindi. Ikizimika njiani, wengi wanakimbilia kufungua karbiratere na kuzungusha mavisi yote. Vile hapana. Tukigusa vitu vitano mara moja, hatutajua ni kipi kilichoharibika. Tuguse kimoja, tujaribu, kisha kingine.

1. MUKONO WA GAZI. Injini izimwe. Tuzungushe mukono mpaka mwisho, tuuachilie. Sharti urudi wenyewe: tak! Turudilie na gidoni imegeuzwa kushoto, kisha kuume. Kama haurudi, kable imekauka, nyuzi zake zimekatika, ao kuna uchafu ndani ya karbiratere. Pikipiki ile isitoke. Ku barabara ya Likasi na Kolwezi makamyo ya madini yanapita. Gazi ikikwama pale, ni kifo. Ikikwama hata hivyo, kamata ambreyaji na uzime kontakti papo hapo. Kable iwe na ulegevu wa milimetre 2 ao 3.

2. ESANSI. Je, robine imefunguliwa? Tulegeze visi ya chini ya kikombe cha karbiratere: esansi itiririke. Kama inatoka kidogo kisha inakoma, tufungue kifuniko cha tanki. Ikianza tena kutiririka, kale katundu ka hewa ka kifuniko njo kamezibika.

3. HEWA. Wakati wa kiangazi vumbi inajaza filtere. Buji inakuwa nyeusi, moshi unazidi. Tusafishe filtere kwanza. Tukumbuke pia kwamba Likasi iko zaidi ya metre 1.200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Matadi. Karbiratere iliyopangwa kwa nchi ya chini itatia huku esansi nyingi kupita hewa.

4. KARBIRATERE. Sasa tufungue. Jikleri isafishwe kwa esansi na pompi ya kinga. Usitie waya: katundu kanapanuka, na pikipiki itakunywa esansi siku zote. Tutikise floteri, tukisikia maji-maji ndani, imetoboka. Tufanye kazi hii inje, mbali na sigara na taa ya moto.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Inawaka kwa starteri tu, ukiifunga inazimika? Jikleri ndogo ya ralanti imezibika, ao hewa inaingia pembeni ya mpira wa karbiratere.

Esansi inamwangika chini? Uchafu umeshika sindano ya floteri, ao floteri imetoboka.

Ukigeuza gidoni injini inapiga kelele? Kable imekazwa sana. Tuilegeze mbele ya kwenda.

Kuomba mbele ya safari ni vizuri. Kupima kable nako ni kazi yetu, na haipiti dakika moja.