Mama, baki na uoni wa karibu

Ndugu Mshauri, nina miaka 62, nashona kofia za mkono hapa Unguja. Tangu utotoni navaa miwani mizito ya mainasi 11, lakini kofia huishona bila miwani, nikiisogeza karibu na uso. Sasa macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari ameniuliza: baada ya upasuaji nataka kuona mbali au karibu bila miwani? Watoto wangu wanasema nichague mbali, niachane na miwani. Mimi nasitasita. Nifanyeje?
Mshona Kofia, Unguja

Mama yangu, kusita kwako kuna msingi, na ushauri wangu ni huu: mwambie daktari unataka kuona karibu, kiasi cha mainasi 2.5 hadi 3, na miwani iwe ya kutazamia mbali. Upasuaji huondoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, ambayo nguvu yake hupangwa kwa vipimo kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Lakini lenzi ya kawaida huona vizuri umbali mmoja tu. Ikipangwa kwa mbali, barabara na nyuso zitakuwa wazi, ila kofia iliyo mkononi itafifia, na kadiri utakavyoisogeza usoni ndivyo itakavyozidi kufifia. Mazoea ya maisha yako yote yatakuwa yamepinduka. Ikipangwa kwa mainasi 2.5 utaona sawasawa kwenye sentimita 40; kwa mainasi 3, kwenye sentimita 33, na huko mikono yako itaweza kufanyia kazi. Nisikufiche jambo moja: leo unaweza kuona kitu kilicho kama sentimita 9 tu kutoka jichoni. Uwezo huo utauacha, uchague karibu au mbali, na kwa kutunga uzi huenda ukahitaji kioo cha kukuzia.

Watoto wako wanakutakia mema, ila wanadhani kuchagua mbali ni kuachana na miwani. Sivyo. Ukichagua mbali, utahitaji miwani kwa kila mshono, kila ujumbe wa simu na kila ukurasa wa msahafu. Ukichagua karibu, utaivaa ukitoka nje, nayo itakuwa myembamba kuliko ya sasa. Kwa hiyo jiulize ni saa zipi za siku unataka kuzipitisha bila miwani. Dereva au nahodha angekuwa na sababu nzuri ya kujibu mbali. Wewe riziki yako iko kwenye ncha ya sindano.

Kuna sababu nyingine, nayo inatokana na umbo la jicho lenyewe. Jicho la kawaida lina urefu wa kama milimita 24. La mtu mwenye namba kubwa kama yako mara nyingi huvuka 26. Macho marefu ni magumu kupima, na kanuni za zamani za hesabu zilikuwa na tabia ya kuyapeleka upande wa plasi, ambako mtu haoni vizuri karibu wala mbali bila miwani. Kanuni mpya zimepunguza kosa hilo, hazijalimaliza. Ukilenga sifuri, yaani kuona mbali, hesabu ikikosea kidogo kuelekea plasi umepoteza pande zote mbili. Ukilenga mainasi 2.5 na hesabu ikikosea kwa nusu, bado utaona vizuri kati ya sentimita 33 na 50.

Utaambiwa pia kuna lenzi za gharama zinazoona mbali na karibu kwa pamoja. Zipo, na zinawafaa baadhi ya watu. Lakini hugawanya mwanga, hupunguza uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana, na usiku taa huzungukwa na duara la mwanga. Anayeshona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe asikubali hasara hiyo upesi, hasa kwa vile retina ya jicho refu mara nyingi imechakaa. Njia ya jicho moja mbali na jingine karibu nayo ipo, ila kazi ya sindano inataka macho mawili yafanye kazi pamoja.

Kabla ya tarehe ya upasuaji, omba mambo mawili. Kwanza, retina zako zikaguliwe, kwa kuwa macho marefu yamo katika hatari zaidi ya retina kubanduka. Baada ya upasuaji ukiona mwanga unaomulika ghafla, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pili, jicho la pili lisicheleweshwe, maana moja likiwa mainasi 3 na jingine mainasi 11, hakuna miwani itakayoyapatanisha vizuri. Na siku ya kupimwa chukua kofia na sindano, umwoneshe daktari umbali ambao ungependa kufanyia kazi, aupime, auandike kwenye faili lako. Lenzi ikishawekwa, kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Kwa hiyo sema sasa, mama, na usiache mtu mwingine akuchagulie.