SOMO: LEHEMU NA AFYA YA UBONGO WA MZEE

Malengo
Baada ya somo hili mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kazi za lehemu mwilini;
(b) kutofautisha LDL na HDL;
(c) kueleza jinsi lehemu iliyozidi kwenye damu inavyodhuru ubongo.

1. Lehemu ni nini?
Lehemu (kolesteroli) ni aina ya lipidi. Nyingi hutengenezwa na ini. Nyingine hutoka kwenye vyakula vya wanyama kama nyama, maini, mayai na siagi. Mwili huitumia kujenga utando wa seli na kutengeneza vitamini D, chumvi za nyongo na baadhi ya homoni.

Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini una zaidi ya moja ya tano ya lehemu yote. Sehemu kubwa iko kwenye ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva. Lehemu hiyo hutengenezwa na ubongo wenyewe.

Zingatia: Watahiniwa wengi huandika kwamba lehemu ya damu "hujaa ndani ya ubongo". Hilo si sahihi. Madhara huanzia kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

2. LDL na HDL
Lehemu haiyeyuki kwenye maji, hivyo husafirishwa kwenye damu ikiwa imefungwa na protini.
- LDL hupeleka lehemu kwenye tishu. Ikizidi, hujipenyeza kwenye kuta za ateri.
- HDL hurudisha lehemu kwenye ini ili iondolewe.

3. Hatua za madhara
(i) LDL iliyozidi hujikusanya kwenye kuta za ateri kwa miaka mingi.
(ii) Ateri hupungua upana na kuwa ngumu.
(iii) Ubongo hukosa oksijeni na glukosi ya kutosha.
(iv) Damu ikiganda na kuziba ateri, mtu hupata kiharusi. Mishipa midogo ikiathirika polepole, kumbukumbu hupungua na demensia huweza kutokea.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa takribani watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Huu ni ugonjwa. Babu anayepotea njia ya nyumbani kwake apelekwe hospitali. Isisemwe kuwa ni uzee tu au amerogwa.

4. Mfano: mafuta ya kupikia
Singida inajulikana kwa alizeti. Mafuta yake hayana lehemu, lakini hata ya mawese na ya nazi hayana, kwa kuwa yote hutoka kwenye mimea. Tofauti iko kwenye mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoelekea kuganda kwenye baridi, ambayo hupandisha LDL. Kwenye alizeti ni takribani asilimia 11, mawese karibu nusu, nazi zaidi ya asilimia 80. Hata hivyo, mafuta yoyote yakizidi huongeza uzito.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini mafuta yasiyo na lehemu yanaweza kupandisha lehemu ya damu?
2. Bibi ana miaka 72, mwanawe ana miaka 45. Wote wana LDL nyingi. Kwa nini mwana asisubiri uzee ndipo aishughulikie?

Majibu
1. Mafuta yaliyoshiba hupunguza uwezo wa ini kuondoa LDL kwenye damu.
2. Ateri huharibika kwa miaka mingi bila dalili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la *Lancet* liliweka LDL nyingi katika umri wa kati miongoni mwa vihatarishi 14 vya demensia vinavyoweza kurekebishwa. Kwa hiyo mwana apime damu, afanye mazoezi, aache sigara, apunguze mafuta yaliyoshiba na afuate ushauri wa daktari. Bibi naye aendelee na matibabu, kwani bado yanamkinga na kiharusi.

Kumbuka: Ubongo wa mzee hulindwa kabla mtu hajazeeka.